Mfiwa Hapiki

Walinikataza kuingia jikoni. Nilikuwa nimeshuka kwenye basi la kutoka Mbeya, miguu imevimba, vumbi kwenye kope, na nilipofika uani kwetu Majengo nikakuta masufuria makubwa yako mekoni na wanawake wameinamia karai la vitunguu. Niliweka begi chini, nikachukua kisu. Mwanamke mmoja ambaye sikumfahamu akanishika kiganja kwa upole, akakitoa kisu kidole kwa kidole kama anavyonyang'anywa mtoto. "Acha, mama," akasema. "Wewe mfiwa. Nenda kakae." Nikaenda kukaa. Sebuleni viti vilikuwa vimetolewa, mikeka imetandikwa mpaka ukutani, na picha ya Mama Mdogo Odilia imesimamishwa juu ya meza yenye kitambaa cheupe. Nilikuwa nimehudhuria misiba mingi maishani, nimechambua mchele, nimeosha vyombo, nimechota maji, lakini sikuwa nimewahi kukaa upande huu, upande wa watu ambao mikono yao haina kazi. Nilisikia mwiko ukigonga ukingo wa sufuria nje na mikono yangu ikawashwa. Hapo ndipo nilipomkumbuka Naomi, ambaye miaka mingi iliyopita alikaa kwenye sebule hiyohiyo, akitazama magoti yake, akiomba jambo moja tu: aruhusiwe kupika wali wa mama yake.

Mwaka ule nilikuwa kidato cha nne. Naomi alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, msichana wa Kijapani aliyekuja kujitolea, na alipanga chumba cha uani nyumbani kwa Mama Mdogo, nilikokuwa nikiishi. Watu wa Majengo waliposikia jina lake walidhani amebatizwa, na Mama Mdogo alimwamsha kwenda misa ya kwanza Jumapili mbili mfululizo kabla ya kuelewa kwamba kwao Naomi ni jina la Kijapani kama mengine. Naomi alikwenda misa zote mbili. Ndivyo alivyokuwa, ukimwekea kiti anakaa, ukimwekea sahani anamaliza. Chumba chake kilikuwa na kitanda cha mbao, meza, ndoo ya maji na kopo kubwa la maziwa ya unga alimohifadhi vitu vilivyotumwa na mama yake. Baridi ya Ufipa ilipita chini ya mlango wake, na usiku nilimsikia akipiga chafya upande wa pili wa ukuta, chafya ndogondogo za mtu anayejitahidi asisumbue.

Jumapili moja kifurushi kilifika, naye akaniita nimsaidie. Alikuwa amenunua mchele wa bondeni, ule unaopandishwa na malori kutoka Rukwa chini, na kwa kuwa haukunata kama wa kwao, aliuloweka kwanza, akauongezea maji, akaufunika na kuuacha juu ya makaa machache mpaka ukalainika. Kwenye kijisufuria alipasha moto siki, sukari na chumvi. Aliumwaga wali kwenye sinia, akanyunyizia ile siki, kisha akashika mwiko ubavu na kuukata wali taratibu, kushoto na kulia, bila kuuponda. Mimi kazi yangu ilikuwa kupepea. Nilichukua ungo, kwa sababu hatukuwa na pepeo kubwa zaidi, nikapepea mpaka mabega yakauma, na punje zikaanza kung'aa kana kwamba kila moja imepakwa mafuta peke yake. Nimepika wali maisha yangu yote na sijapata kuuona tena uking'aa vile.

Mama Mdogo akaingia akitoka kanisani, kitenge kikiwa bado kimefungwa vizuri. Alikuja na Mama Zuhura, jirani yetu, Mwislamu wa Kirando aliyeuza samaki wa Ziwa Tanganyika sokoni na ambaye hakuwahi kupita mlangoni kwetu bila kuchungulia sufuria.

"Wini, unapepeta nini?"

"Wali, Mama Mdogo."

"Wali ulioiva? Una pumba?"

"Mwalimu anataka upoe."

"Upoe!" Akamgeukia Mama Zuhura. "Jamani, kuna mgeni aliyemkosea huyu?"

Naomi akacheka, akamwekea wali kidogo kiganjani. Mama Mdogo akaonja, akafumba macho, akameza kwa ajili ya heshima. "Mwanangu," akasema, "pole sana. Umechacha."

"Haujachacha, Mama. Ni siki."

"Siki tunaweka kwenye kachumbari. Wali ukiwa baridi na mchachu, sisi tunawapa kuku."

"Wape kuku wenu, mimi sina kuku," akasema Mama Zuhura, akavua viatu na kukaa. "Ila Mwalimu, nijibu kwanza. Mgebuka niliyekuuzia, utatupa akiwa mbichi? Maana nimesikia habari zenu."

"Kwetu tunakula mbichi. Huyu nimemkaanga."

"Afadhali. Mimi samaki wangu nikimuuza nataka awe amekufa kabisa."

Tulikaa chini, sinia katikati. Naomi alifungua pakiti akatoa majani makavu ya mwani wa baharini aliyotumiwa na mama yake, meusi, mepesi, yenye kung'aa, yaliyonuka kama kamba ya mtumbwi iliyolowa. Aliweka jani kiganjani, akatandaza wali, akapanga tango, parachichi, kipande cha yai na mgebuka, akakunja kwa vidole mpaka likawa pembe, sawasawa na karatasi ya gazeti anayofungia muuza karanga. Alituambia kwamba kwao mama yake hapakui chakula hiki. Anaweka kila kitu mezani, kisha naye anakaa, na kila mtu anakunja cha kwake kwa mkono wake. Kama kuna furaha wanakula hivyo. Kama kuna jambo zito nyumbani, wanakula hivyo pia, kwa sababu mikono ikiwa na kazi, maneno yanakuja yenyewe.

"Mama anakaa?" Mama Mdogo aliuliza. "Sasa nani anahudumia?"

"Hakuna, Mama."

"Hakuna!" Alirudia neno hilo polepole, na kwa dakika moja nilimwona akijaribu kuliona jambo hilo akilini, yeye mwenyewe amekaa na watu wanakula. Kisha akatikisa kichwa. Alikula wali wote na samaki wote, lakini lile jani alilibandua, akalitafuna pembeni kidogo, akaliweka ukingoni mwa sahani. Kwetu mboga hukaushwa juani ili kungoja miezi ya ukame, majani ya kunde, majani ya maboga, na hakuna mtu anayeila hivyohivyo; inalowekwa, inachemshwa, inaungwa kwa karanga. "Hili halijaiva," akasema kwa huruma. "Hujapata mtu wa kukupikia tu, mwanangu." Tulicheka sote. Naomi alicheka mpaka akashika mbavu.

Nikiitazama Jumapili ile sasa, naona kwamba kila kitu tulichohitaji kujua kilisemwa pale chini, kwa Kiswahili kinachoeleweka, na sisi tukakipokea kama kichekesho cha kusindikiza chakula.

Mama yake alifariki katikati ya miezi ya baridi. Simu ilimkuta shuleni. Kaka yake alimwambia kwamba hata akiondoka siku hiyohiyo, kwa basi la kutoka Sumbawanga mpaka Dar es Salaam na kisha ndege mbili, atakuta kila kitu kimekwisha. Naomi alimweleza mkuu wa shule, akaingia darasani kwetu na kufundisha. Nakumbuka aliandika ubaoni kipindi kizima na hakugeuka. Sisi wa nyuma tulidhani amekasirika kwa sababu ya kelele zetu. Jioni mkuu wa shule alipokuja nyumbani kutoa pole, Mama Mdogo ndipo alipojua, na aliinuka kwa nguvu hivi kwamba kigoda kilianguka.

"Umefiwa na mama yako mzazi, umekwenda kufundisha hesabu?"

"Wanafunzi wana mtihani, Mama."

"Mtihani!" Akamshika mkono, akamtoa kwenye chumba cha uani, akamleta sebuleni, akatoa viti mwenyewe. Akatandika mikeka. Akanituma kwa majirani.

Mama Zuhura alikuwa wa kwanza kufika na wa kwanza kuuliza. Alimvuta Mama Mdogo mlangoni, wakanong'onezana kwa sauti ambayo Majengo nzima ingeisikia. "Odilia, mimi nauliza tu. Marehemu yuko Japani. Maiti iko Japani. Sisi tunakaa msiba hapa?"

"Mtoto wake yuko wapi?"

"Yuko hapa."

"Basi msiba uko hapa."

Mama Zuhura akafikiri, akavua viatu. "Nitaleta dagaa," akasema.

Ulikuwa msiba kamili. Wanawake wa jumuiya walikuja na kuni, unga wa ulezi na maharage; walimu walikuja na sukari; moto uliwashwa nje na wanaume wakaukalia wakiwa wamejifunika makoti. Watu ambao hawakujua Japani iko upande gani walisali rozari kwa ajili ya mama ambaye jina lake tulilitamka kila mmoja kwa namna yake. Hadi leo najivunia siku zile. Ndiyo maana inaniuma, kwa sababu sikuwahi kuona wema mwingi kiasi hicho ukitoka mahali pamoja, na wema huohuo ndio uliomzingira Naomi kama ukuta. Hakulia. Alikaa akiwa ameshika magoti, akimwambia kila anayeingia "asante, asante sana," na wanawake walitazamana. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Pito aliyesema wazi kwamba asipolia ataugua.

Siku ya pili alasiri Naomi aliinuka, akaja mpaka mlango wa jikoni, akainamisha kichwa kwa Mama Mdogo jinsi wanavyofanya kwao.

"Mama, naomba nipike."

"Una njaa? Wini, mpakulie Mwalimu."

"Sina njaa. Naomba kupika wali wa mama yangu. Kila mtu akae, akunje cha kwake. Mimi pia nikae. Ninayo majani. Mama yangu alituma kabla hajaugua. Ni pakiti ya mwisho."

 Mama Mdogo alifuta mikono kwenye kitenge, akamshika mashavu. "Mwanangu, mfiwa hapiki. Ukiwa na msiba, moto unawashwa na wengine, mwiko unashikwa na wengine. Wewe kazi yako ni kukaa na huzuni yako. Sisi tupo kwa ajili gani?"

"Mama, kwetu..."

"Najua. Kwenu hakuna watu, kila mtu yuko mbali. Hapa tupo. Nenda kakae."

Naomi alibaki amesimama kidogo. Kisha akasema asante, akarudi kwenye mkeka. Kama angepiga kelele, nadhani Mama Mdogo angempa mwiko. Kwetu mtu anayetaka kitu hukitaka mara tatu, ya kwanza ni ya adabu, ya pili ya kukumbusha, ya tatu ndiyo anayoimaanisha. Naomi aliomba mara moja, na kwa watu wa kwao, nilikuja kuelewa baadaye, mara moja ni nyingi.

Lakini ombi lile lilimkaa Mama Mdogo rohoni. Alilala nalo. Kesho yake asubuhi alinituma sokoni kuchukua parachichi na tango, na mimi nikadhani amebadili mawazo, nikakimbia. Niliporudi, harufu ilinipokea getini. Ilikuwa harufu ya karanga, na chini yake harufu nyingine, ya chumvi na maji ya mbali. Kopo la maziwa ya unga lilikuwa wazi juu ya meza ya jikoni. Pakiti ilikuwa sakafuni, tupu. Mama Mdogo alikuwa anakoroga sufuria, jasho usoni, na ndani yake yale majani meusi yalikuwa yamekwisha kuyeyuka, yamekuwa uji mzito wa kijani uliovutika kwenye mwiko kama mlenda.

"Umeona?" aliniambia, amefurahi kama bibi harusi. "Lilikuwa linahitaji moto tu. Nimelipika lote, tusimpimie."

Niliweka parachichi na tango mezani, kando ya kopo. Hakuna jani hata moja ambalo lingerudi kutoka kwenye sufuria ile. Wali ulikuwa pembeni, wa moto, mvuke unapanda, wali wa heshima wa kumpa mgeni, bila siki. Aliupakua kwenye sahani ya maua iliyokuwa ikitolewa kabatini kwa ajili ya padri peke yake, akaumwagia ile mboga juu, akaibeba mwenyewe kwa mikono miwili, akapiga magoti mbele ya Naomi.

"Mboga ya mama yako, mwanangu. Nimekupikia."

Naomi alitazama sahani. Aliitazama kwa muda ambao mimi, mlangoni, niliona mrefu. Kisha akanawa, akamega, akala. Alikula polepole bila kusimama, na alipofika katikati machozi yakaanza kushuka, kwanza kimya, kisha kwa sauti, kilio kikubwa, cha mdomo wazi, wali ukiwa bado kiganjani. Sebule nzima ikashusha pumzi. "Afadhali!" akasema yule mama wa Pito. "Afadhali, ametoa!" Wanawake wakalia pamoja naye. Mama Zuhura akajifuta kwa ncha ya mtandio, akasema hakuna kama chakula cha mama. Mama Mdogo alimkumbatia Naomi, akambembeleza, akimwambia maneno ya Kifipa wanayoambiwa watoto wachanga, na Naomi akalia begani kwake mpaka akachoka. Kisha akamaliza sahani.

Jioni nilimkuta nyuma ya jiko. Alikuwa ameokota ile pakiti tupu, anaipangusa majivu kwa kidole.

"Mwalimu, nimwambie Mama Mdogo?"

"Usimwambie."

"Lakini hakujua kwamba..."

"Wini." Alinitazama kwa mara ya kwanza tangu simu ile. "Alipiga magoti. Usimwambie kamwe."

Msiba ulipokwisha na mikeka ikakunjwa, Mama Mdogo alimkabidhi mwiko mbele ya watu wote. "Sasa pika wali wako, mama." Naomi akapokea kwa mikono miwili, akasema, "Siku nyingine." Siku nyingine haikuja. Kaka yake alimtumia kifurushi kingine mwezi uliofuata, chenye majani yaleyale kutoka duka lilelile, na Naomi akayagawa kwa walimu wenzake. Alipika ugali. Alijifunza kuunga maharage. Mwisho wa mwaka mkataba wake ulikwisha, tukamsindikiza stendi na mahindi ya kuchemsha, basi likaondoka. Kwa miaka miwili ilikuja kadi kila Krismasi, kisha hazikuja tena, nasi tulihama sanduku la posta, na mimi nilikwenda chuoni, na maisha yakafanya yanavyofanya.

Mama Mdogo aliisimulia mboga ile kwa kila mgeni. Wakwe walipokuja, aliisimulia. Mapadri wapya walipokaribishwa chakula, aliisimulia: jinsi alivyompikia Mjapani mboga ya mama yake na mtoto wa watu akapata kulia. Nilikuwa nikisikia inaanza, natoka nje. Nilijiambia kwamba ninatunza ahadi, na ni kweli niliitunza, ila kila mara nilimwonea mwenye kusimulia huruma iliyochanganyika na hasira, kama unavyomwonea mtu anayetembea na doa mgongoni na wewe umeapa kutomwonyesha.

Alipougua nilikuja kumuuguza. Alasiri zilikuwa ndefu. Nilimkalisha kwenye godoro karibu na dirisha, nikamlisha uji wa ulezi kwa kijiko, naye akawa anazungumza juu ya watu waliokwisha kufa kana kwamba wako chumba cha pili. Siku moja aliusukuma mkono wangu wenye kijiko.

"Yule mtoto," akasema. "Wali wake, alikuja kuupika?"

Nilijua anamsema nani. "Hakuupika, Mama Mdogo."

"Ningemwacha apike." Akavuta pumzi. "Nilimkatalia kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Aliniomba vizuri, nami nikamkatalia vizuri. Na ile mboga, Wini. Ile mboga ilikuwa mbaya."

Nikaweka bakuli chini. "Nani amekwambia?"

"Nani aniambie? Mimi ndiye niliyepika. Unadhani nitampelekea mtu chakula bila kuonja? Niliikoroga, nikaionja kiganjani, nikajua nimeharibu kitu ambacho sitaweza kukinunua sokoni. Wewe hukuwa umerudi. Nikasema, labda kwao ndivyo ladha ilivyo. Nikajidanganya mpaka sebuleni. Kisha nikamwona anavyoitazama."

"Na hukusema?"

"Niseme nini? Anakula. Mtu anakula ili usiaibike, wewe umsimamishe?" Alifunga macho, nikadhani amelala. "Nikangoja anikaripie kesho yake. Hakunikaripia. Nikangoja mwezi. Halafu majirani wakaanza kunisifu, na mimi nikaanza kusimulia, na kila nikisimulia, mlango wa kumwambia pole unazidi kufungwa. Pole ya mama yake nilimpa. Ya yale majani sikumpa."

Nje mtu alikuwa anapasua kuni. Nilitaka kumwambia kwamba Naomi naye alijua, kwamba alinikataza, kwamba watu watatu ndani ya nyumba moja tulikuwa tumebeba jambo lilelile kila mtu upande wake. Nikamwambia. Aliposikia alitabasamu kidogo, upande mmoja wa mdomo, lakini hakuonekana mtu aliyetuliwa mzigo. Alionekana mtu aliyeongezewa.

"Kwa hiyo alikuwa ananificha mimi," akasema. "Na mimi nilikuwa namficha yeye." Aligeuza uso dirishani. "Angekaripia tu. Tungelia wote, kisha tungekwenda jikoni."

Nilichukua bakuli tena. Uji ulikuwa umepoa, nikainuka kuupasha moto, na nilipofika mlangoni aliniita.

"Wewe unaandika vitabu, unajua kutafuta watu. Ukimpata, mwambie nilionja."

Sijampata.